Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: zana, mbinu za ajaili na mikusanyiko ya wasanidi programu Afrika Mashariki

Ukurasa huu umekusanywa kutokana na maswali ambayo vijana wanaoingia katika kazi ya kusanidi programu, pamoja na wenzao waliomo kwa miaka kadhaa, huyarudia kila wanapokutana Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Kigali. Majibu yanaweza kusomwa kwa mpangilio wowote. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, nimetaja namba ya swali badala ya kulieleza upya.

## Mwanzo kabisa

1. Msanidi programu hufanya nini kutwa nzima?

Wengi hudhani kwamba huandika msimbo tangu asubuhi hadi jioni. Kwa kweli sehemu kubwa ya siku huenda katika kusoma: kusoma msimbo wa wenzake, kusoma ujumbe wa hitilafu, kusoma maelezo ya mfumo wa watu wengine anaotaka kuuunganisha na wake. Muda unaobaki hugawanywa kati ya kuandika, kujaribu, na kuzungumza na wale watakaoitumia programu.

Anayeingia katika kazi hii akitumaini kwamba atakwepa mazungumzo na watu atashangaa. Nukta-mkato iliyosahaulika huonyeshwa na kompyuta yenyewe papo hapo. Kosa lililo ghali ni lile la kujenga kwa miezi mitatu kitu ambacho hakuna aliyekihitaji, na kompyuta haina namna ya kumwonya mtu juu ya hilo. Karibu kila zana na kila mbinu inayotajwa hapa chini ilibuniwa ili makosa ya aina hiyo yaonekane mapema, yakiwa bado madogo.

2. Nahitaji kompyuta ya namna gani?

Kompyuta mpakato iliyotumika, yenye RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD, inatosha kwa kujifunza na kwa kazi nyingi za tovuti. Fedha zikiwa chache, tanguliza SSD na betri inayokaa na chaji kabla ya kufikiria prosesa mpya. Anayetaka kutengeneza programu za Android ajitahidi kufikia gigabaiti 16, kwa sababu kiigaji cha simu hula kumbukumbu nyingi. Asipoweza, aunganishe simu yake halisi kwa waya na kujaribia humo.

3. Nianze na lugha gani ya programu?

Anza na lugha ambayo mtu aliye karibu nawe anaijua na yuko tayari kukusaidia. Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, husomeka kwa urahisi na ina jumuiya hai katika eneo letu. JavaScript humwezesha mwanafunzi kuona kazi yake kwenye kivinjari siku ileile. Yoyote kati ya hizo mbili inafaa, na muda unaopotezwa katika kulinganisha orodha za lugha ungetosha kujifunza misingi ya mojawapo. Lugha ya pili huja kwa urahisi zaidi, mradi ile ya kwanza imejifunzwa hadi mtu akaweza kuandika programu ndogo inayotumiwa na mwingine.

4. Kihariri kipi ni bora, na ninatokaje ndani ya Vim?

Kihariri ni programu ya kuandikia msimbo, na Vim ni mojawapo. Nijibu la pili kwanza: bonyeza Esc, andika `:q!` kisha ubonyeze Enter. Utatoka bila kuhifadhi chochote. Ukitaka kuhifadhi, andika `:wq`.

Kuhusu ubora, Visual Studio Code, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2015, ni ya bure, nayo inamtosha anayeanza. Hata hivyo napenda kila msanidi wa Afrika Mashariki aifahamu Vim walau kidogo, kwanza kwa sababu yeye au ndugu yake vi huwa tayari ndani ya seva nyingi utakazoingia kwa mbali, na pili kwa sababu ya historia yake. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alifanya kazi ya kujitolea mwaka 1994 katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, sehemu ambako UKIMWI ulikuwa umewaacha watoto wengi bila wazazi. Aliporudi kwao alianzisha mfuko wa kukisaidia kituo hicho, na tangu hapo anayeipenda Vim huombwa awachangie watoto hao badala ya kumlipa mwandishi wake. Ukiandika `:help uganda` ndani ya Vim, maelezo yote yatafunguka. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na ombi hilo bado limo ndani ya programu, likisomwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kufika Uganda.

## Git na msimbo wa pamoja

5. Git na GitHub zina tofauti gani?

Git ni programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya wasanidi wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, zana waliyokuwa wakiitegemea. GitHub ni huduma ya kwenye mtandao, iliyofunguliwa mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018, ambapo hazina za Git huwekwa ili watu washirikiane. Unaweza kutumia Git maisha yako yote bila GitHub. Kinyume chake hakiwezekani.

6. Intaneti yangu husuasua na umeme hukatika. Nitawezaje kufanya kazi na timu?

Hapa Git ni rafiki mkubwa kuliko watu wanavyotambua. Historia nzima ya mradi iko ndani ya kompyuta yako, kwa hiyo unaweza kufungua tawi, yaani njia ya pembeni ya kujaribia kazi bila kugusa msimbo mkuu, kurekodi mabadiliko, kulinganisha matoleo na kurudi nyuma bila kutumia hata kilobaiti moja ya bando. Intaneti inahitajika unapotuma kazi yako na unapopokea ya wenzako tu. Jenga mazoea ya kupokea asubuhi, kufanya kazi bila mtandao, na kutuma kabla ya kufunga siku.

Kwa mradi mkubwa ambao huhitaji historia yake, `git clone --depth 1` hupakua hali ya sasa peke yake na kuokoa data nyingi. Umeme nao unafundisha nidhamu ya kurekodi kidogo kidogo: kila hatua inayofanya kazi irekodiwe, ili ukikatika upoteze dakika kumi za kazi badala ya mchana mzima. Nidhamu hiyo hiyo humsaidia pia anayeukagua msimbo wako, kwa kuwa mabadiliko ya mistari arobaini husomwa kwa makini, lakini ya mistari elfu mbili hupitishwa kwa uchovu.

7. Majina ndani ya msimbo na maelezo ya mabadiliko yaandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza?

Kama mradi ni wa kimataifa, Kiingereza hakiepukiki. Kama timu nzima inazungumza Kiswahili, hakuna sheria ya kiufundi inayokataza maelezo ya Kiswahili, na yakiwa mazuri ni bora kuliko Kiingereza cha kubahatisha.

Jambo ambalo ningependa litiliwe mkazo ni majina ya mambo yanayomhusu mteja. Ukitengeneza mfumo wa chama cha akina mama cha kuweka na kukopa, maneno kama chama, mzunguko, mdhamini na faini ndiyo wanayotumia kwenye kikao chao, na kila moja lina maana yake mahsusi. Ukiyageuza kuwa Kiingereza ndani ya msimbo, kila mazungumzo na mweka hazina yatakuwa ya kutafsiri huku na huku, na ni katika kutafsiri huko kwamba kanuni ya faini ya kuchelewa huandikwa kimakosa. Acha neno la mteja liwe jina la kitu ndani ya programu, hata kama maneno yanayolizunguka ni ya Kiingereza.

8. Nimetuma nenosiri au ufunguo wa siri kwenye hazina ya wazi. Nifute faili?

Kulifuta faili hakutoshi, kwa sababu toleo la zamani linabaki katika historia, na zipo programu zinazozunguka kwenye hazina za wazi zikitafuta funguo usiku na mchana. Kwanza ubatilishe ufunguo ule na kutengeneza mwingine. Fanya hivyo kabla ya kitu kingine chochote. Mwarifu msimamizi wako siku hiyohiyo. Kusafisha historia kunaweza kufuata baadaye. Kisha weka siri zote katika faili la mazingira, yaani faili la mipangilio lisilotumwa na msimbo, lililotajwa ndani ya `.gitignore`, orodha ya mafaili ambayo Git huyaacha.

9. Programu ilikuwa ikifanya kazi mwezi uliopita na sasa haifanyi. Nianze kutafuta wapi?

Tumia `git bisect`. Unaiambia toleo moja lililokuwa zima na moja lililoharibika, nayo inakupeleka katikati yao. Unajaribu, unajibu kama ni zima au bovu, na nusu nyingine inaondolewa. Kwa njia hiyo mabadiliko 1,000 yanahitaji majaribio kama 10 tu. Zana hii hufanya kazi vizuri kwa wale waliofuata ushauri wa swali la 6, kwani mwishoni hukufikisha kwenye badiliko moja, nalo likiwa dogo, kosa huonekana kwa macho.

10. Ninawezaje kukosoa msimbo wa mtu aliyenizidi umri au cheo?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili jibu refu. Tumelelewa kutomsahihisha mkubwa mbele za watu, nayo ni adabu njema; lakini ukaguzi wa msimbo unamtaka hata aliyeajiriwa jana aseme anachokiona. Hakuna haja ya kuitupa adabu ili kazi ifanyike.

Uliza kuhusu msimbo, usimguse mtu. "Kaka, hapa orodha ikija tupu itakuwaje?" ni swali ambalo mkubwa hulijibu bila kuona amevunjiwa heshima, na mara nyingi huligundua kosa mwenyewe anapojibu. Njia iliyo imara zaidi ni kuandika jaribio dogo linaloshindwa na kuliambatisha: basi kompyuta ndiyo inayosema, wewe umeleta habari tu. Jambo zito, kama vile muundo mzima usiofaa, mpelekee faraghani kwanza, kisha muandike pamoja mlichokubaliana ili wengine wajifunze.

Wakubwa nao wana wajibu wao hapa. Kiongozi wa timu anayeomba kazi yake mwenyewe ikaguliwe na mdogo kabisa, na kumshukuru hadharani anapopata kosa, huwa ameifungulia timu nzima mlango. Nimeona timu ambazo hitilafu ilijulikana na kijana mmoja kwa wiki mbili kabla ya kumfikia mteja, naye akanyamaza kwa heshima.

## Mbinu za ajaili

11. Ajaili ni nini hasa, na ilitoka wapi?

Ni namna ya kutengeneza programu kwa vipande vidogo vinavyofanya kazi, vikionyeshwa kwa watumiaji mara kwa mara, ili mpango ubadilike kadiri watu wanavyojifunza. Jina hilo lilishika baada ya watu 17 kukutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, mwezi Februari 2001, na kuandika tamko fupi la mambo manne wanayoyathamini pamoja na kanuni 12. Kwa muhtasari, walisema wanawathamini watu na maelewano yao kuliko taratibu na zana, programu inayofanya kazi kuliko rundo la nyaraka, ushirikiano na mteja kuliko mabishano ya mkataba, na kuitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Hawakusema kwamba nyaraka au mipango haina thamani, ingawa wengi hulitaja tamko hilo kama kisingizio cha kutoandika lolote.

12. Scrum na Kanban zinatofautianaje, na tuchague ipi?

Scrum iliwasilishwa hadharani na Ken Schwaber na Jeff Sutherland mwaka 1995. Timu, ambayo kwa kawaida haizidi watu 10, hufanya kazi kwa mizunguko inayoitwa sprinti, kila mmoja usiozidi mwezi. Timu nyingi huchagua wiki mbili. Mzunguko huanza kwa kupanga, hufungwa kwa kuonyesha kilichokamilika, na kisha timu hujitazama yenyewe na kuamua nini ibadilishe. Kanban, ambayo mizizi yake iko katika viwanda vya Toyota nchini Japani, haina mizunguko: kazi huandikwa kwenye kadi, kadi husogezwa kutoka safu moja hadi nyingine, na kila safu ina kikomo cha kadi.

Kwa bidhaa mpya ambayo bado inatafuta sura yake, ningechagua Scrum, kwa kuwa inalazimisha kitu kionyeshwe kwa tarehe inayojulikana. Kwa timu inayopokea maombi ya dharura kila siku, kama ile ya kuhudumia mfumo wa benki au hospitali, Kanban inaelekea zaidi, maana mpango wa wiki mbili utavunjwa Jumanne. Katika zote mbili sehemu ambayo watu huiacha kwanza ndiyo yenye faida kubwa: katika Scrum ni kile kikao cha kujitazama, na katika Kanban ni kikomo cha kadi.

13. Kikao chetu cha kila asubuhi kimekuwa cha kumripotia bosi. Tufanye nini?

Mwongozo wa Scrum unakipa kikao hicho dakika 15 na unakitaja kuwa ni cha wasanidi wenyewe, ili wapange siku inayofuata kuelekea lengo lao. Dalili ya kuharibika kwake ni kwamba kila mtu huongea akimtazama mtu mmoja. Jaribuni kupitia ubao wa kazi kadi kwa kadi, kuanzia zilizo karibu kukamilika, badala ya kupitia watu mmoja mmoja, swali libadilike kutoka "ulifanya nini jana?" na kuwa "kadi hii inangoja nini?" Kiongozi apate taarifa zake kutoka kwenye ubao. Mara nyingi badiliko hilo dogo linatosha bila kugombana na yeyote.

14. Bosi anataka tarehe, nami sijui. Nikadirie vipi?

Toa makadirio kwa masafa, na useme yanategemea nini: kati ya wiki tatu na tano, kama funguo za majaribio za benki zitapatikana wiki hii. Ligawe jukumu hadi kila kipande kiwe cha siku moja au mbili. Kisichogawanyika ni kile ambacho bado hukielewi, na hapo ndipo pa kuuliza maswali. Timu ikikadiria pamoja, kila mmoja aandike tarakimu yake kabla ya kusikia ya mwingine, kwa utaratibu wa karata ambao James Grenning aliueleza mwaka 2002. Faida yake ni kwamba mdogo aliyeandika 8 wakati wakubwa wote wameandika 2 hupewa nafasi ya kueleza alichokiona, jambo linalohusiana na swali la 10.

15. Mteja anataka bei moja, tarehe moja na orodha kamili ya mahitaji. Ajaili inawezekana?

Zabuni za taasisi na mashirika mengi huja hivyo, nasi hatuwezi kuzibadilisha kwa hotuba. Inawezekana kuugawa mkataba wa miezi sita katika hatua za kukabidhi za mwezi mmoja mmoja, kila moja na malipo yake, na kuomba mtu mmoja kutoka kwa mteja atakayekaa nanyi saa moja kila wiki mbili kutazama kilichopo. Mpate mtu anayefanya kazi yenyewe, kwa mfano karani wa mapokezi, pamoja na yule aliyetia sahihi. Kila ombi jipya liandikwe, likadiriwe, na mteja aamue ni kipi kati ya vilivyokubaliwa kitoke ili hilo liingie.

16. Nafanya kazi peke yangu. Haya yananihusu?

Ubao wenye safu tatu, kadi mbili tu zikiwa mkononi, na mtumiaji mmoja wa kumwonyesha kazi kila Ijumaa: hivyo vinakutosha. Vikao viache.

17. Timu yetu iko katika nchi kadhaa na kila mara mtu mmoja hukosa kikao. Kwa nini?

Chanzo cha kwanza ni lugha. Mtu akisema "tukutane saa kumi", msikilizaji anayehesabu kwa Kiswahili ataelewa saa kumi jioni, yaani 16:00, na anayefikiri kwa Kiingereza atafika 10:00. Andikeni muda kwa tarakimu za saa 24 pamoja na ukanda wake.

Chanzo cha pili ni jiografia. UTC ni saa ya kimataifa ambayo saa za nchi zote hupimwa kwayo. Kenya, Tanzania na Uganda ziko UTC+3, yaani saa tatu mbele yake. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko UTC+2. Kinshasa iko UTC+1, na Oman UTC+4. Aliye Kigali yuko saa moja nyuma ya aliye Nairobi ingawa safari ya ndege kati yao ni fupi. Sisi hatubadilishi saa, lakini Uingereza hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, hivyo tofauti yetu na London ni saa tatu wakati wao wa baridi na saa mbili wakati wao wa kiangazi. Ndani ya programu, hifadhi muda wote kwa UTC na uugeuze unapomwonyesha mtumiaji.

## Malipo ya simu

18. Ninajaribuje malipo ya M-Pesa bila kutumia pesa halisi?

M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, lango linalowawezesha wasanidi kuunganisha mifumo yao. Daraja ina mazingira ya majaribio yenye funguo zake. Namba ya simu ianze na 254 badala ya sifuri. Makosa mengi ya siku ya kwanza hutokana na hilo. Jibu la malipo hutumwa kwenye anwani yako ya HTTPS inayofikika hadharani, kwa hiyo wakati wa kujaribu kwenye kompyuta yako utahitaji zana ya kupitishia mawasiliano kama ngrok.

19. Mteja amelipa lakini mfumo wangu hauonyeshi, au umeonyesha mara mbili. Nimekosea wapi?

Huenda ulidhani kwamba taarifa ya malipo itakuja mara moja na kwa wakati. Mtandao haukuahidi hivyo. Taarifa inaweza kuchelewa, kupotea, au kufika mara mbili. Katika mfumo wa duka nilioutengeneza miaka ya nyuma sikulizingatia jambo hili. Muuzaji aligundua kwamba hesabu za jioni hazilingani na fedha zilizoingia, na ilinichukua siku mbili kutambua kwamba kosa ni langu.

Dawa yake ni hatua tatu zinazokwenda pamoja. Mara tu ombi la malipo linapotumwa, lirekodi kwenye hifadhidata likiwa na hali ya kusubiri na namba yake ya kipekee. Taarifa inapokuja, itafute namba hiyo, na ikiwa imekwisha kukamilishwa usifanye lolote. Ombi lililokaa muda bila jibu liulizie hali yake kwa mtoa huduma badala ya kumwambia mteja alipe tena. Andika majaribio ya hali zote hizo, taarifa iliyorudiwa ikiwa ya kwanza, kabla ya kufungua duka. Kanuni hizi hazibadiliki ukihamia Airtel Money au MTN MoMo.

## Mikusanyiko na jumuiya

20. Nitawapata wapi wasanidi wenzangu?

Vituo vya ubunifu vimekuwa mahali pa kukutania tangu iHub ya Nairobi na Hive Colab ya Kampala zilipofunguliwa mwaka 2010. Kigali kuna kLab, iliyoanza mwaka 2012. Vikundi vya wasanidi wa Google, vinavyojulikana kama GDG, viko katika miji yetu mingi. Wapenzi wa Python wana PyCon Africa, ambayo ya kwanza ilifanyika Accra mwaka 2019, na mwezi Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa, wa watumiaji wa Django, zana ya kujengea tovuti kwa Python, ulifanyika Zanzibar. Mikutano mikubwa ya aina hii mara nyingi huwa na mfuko wa kusaidia nauli. Maombi hufungwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo fuatilia mapema.

Kwa wanawake ambao wamechoka kuwa peke yao chumbani, AkiraChix imekuwa ikifundisha wasichana teknolojia jijini Nairobi tangu mwaka 2010, na Django Girls, iliyoanzia Berlin mwaka 2014, huendesha warsha za bure za siku moja ambazo zimefika miji mingi ya Afrika.

21. Nina aibu na sijui mtu. Niende tu?

Nenda ukiwa na swali moja la kweli kutoka katika kazi yako. Mazungumzo ya kando, wakati wa chai, huwa na faida kuliko mada yenyewe, na swali mahsusi hukufungulia mlango kwa mtu yeyote: "Dada, nimesikia ukisema mnatumia Django, mnafanyaje malipo yakichelewa kujibu?" Kujitolea kuandikisha wageni mlangoni ni njia nyingine nzuri, kwani kila anayeingia atakusalimu. Hakikisha pia kwamba mkutano una kanuni za mwenendo na mtu wa kumwendea ukisumbuliwa.

22. Hakathoni zina faida?

Hakathoni ni mashindano ya kujenga programu kwa muda mfupi. Kwa kujifunza kufanya kazi na watu usiowafahamu ndani ya muda mfupi, ndiyo. Kwa kujenga bidhaa, mara chache, kwa sababu hakuna mtumiaji anayeulizwa. Kabla ya kujiandikisha soma masharti kuhusu umiliki wa kazi. Kama mwandaaji anadai wazo na msimbo wote, fikiria kama zawadi inalingana na hilo.

23. Ninaanzaje kuchangia programu huria?

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha. Anza na programu unayoitumia au inayogusa maisha ya watu unaowajua. Ushahidi ilizaliwa Kenya Januari 2008, katika siku za machafuko ya baada ya uchaguzi, na msimbo wake uko wazi. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006 na hupokea wachangiaji kutoka popote. Mchango wa kwanza unaweza kuwa kusahihisha maelekezo yaliyokukwamisha ulipokuwa ukiisakinisha, au kutafsiri kiolesura kwa Kiswahili, kazi inayomtaka mtu anayeijua lugha vizuri.

Epuka kutuma mabadiliko matupu ili kuhesabiwa. Mwaka 2020 Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba iliyokuwa ikitoa fulana, ililazimika kubadilisha kanuni zake siku chache tu baada ya kuanza kwa sababu watunzaji wa miradi walifurikiwa na maombi yasiyo na maana.

## Maswali ya pembeni

24. Je, nitumie visaidizi vya akili unde kuandika msimbo?

Vitumie kama unavyomtumia mwenzako mwenye haraka: kwa rasimu, kwa maelezo ya msimbo wa kigeni, kwa kuorodhesha hali ulizosahau kuzijaribu. Usipeleke mbele mstari usioweza kuueleza katika ukaguzi. Visaidizi hivi hutaja wakati mwingine maktaba za msimbo zisizokuwepo, au huandika msimbo wa malipo unaopuuza yaliyosemwa katika swali la 19. Anayeanza ajizuie katika miezi ya kwanza, kwa sababu uwezo wa kusoma ujumbe wa hitilafu na kuuelewa haupatikani kwa kuusomewa na mwingine.

25. Naweza kujaribu mfumo kwa data halisi za wateja?

Usifanye hivyo. Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa data tangu mwaka 2019, Rwanda tangu 2021, na ya Tanzania ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Tengeneza data za kubuni zinazofanana na za kweli: majina matatu, jina moja tu, namba zenye msimbo wa nchi na zisizo nao, kijiji badala ya barabara. Tahadhari hiyo inahusu pia visaidizi vya swali la 24. Orodha ya wagonjwa iliyobandikwa humo imekwisha kutoka mikononi mwako.

26. Nimehama kazi. Naweza kumwonyesha mwajiri mpya msimbo niliouandika?

Mikataba mingi ya ajira huufanya msimbo ulioandikwa kazini kuwa mali ya mwajiri, kwa hiyo usiunakili wala kuuweka hadharani bila ruhusa ya maandishi. Unachoweza kukieleza ni tatizo lilivyokuwa, njia mlizozifikiria na sababu ya kuchagua mojawapo, bila kutaja siri za biashara. Kwa kuonyesha msimbo wenyewe, tengeneza mradi mdogo wako mwenyewe, ukiwa na majaribio na historia safi ya Git, au onyesha michango yako ya swali la 23. Mwajiri makini atafungua historia hiyo na kuisoma badiliko moja baada ya jingine, na humo ataona jinsi unavyofanya kazi kila siku.